Poda ya Mama Iliyomwagwa Mapema

Mama zangu, ndugu zangu, amani ikae nanyi. Mimi si mtu wa kusimama mbele. Yule anayetuongoza katika sala aliniambia Jumapili iliyopita, "Weye unakaa kimya kila mara. Siku moja utasema." Basi leo nitasema kidogo. Sauti ikipotea, mtanivumilia.

Wengi wenu mlikuja kwenye matanga ya mama yangu. Mlileta kuni, mlituchotea maji. Mlichoona ni mimi nikizunguka na sinia la vikombe, jicho kavu. Najua kuna waliosema nina moyo wa jiwe. Sikuwalaumu. Hata mimi nilikuwa ninajiuliza moyo wangu umekwenda wapi.

Nirudi nyuma kidogo. Tulipokimbia vita kutoka Bule, nilikuwa nimeacha shule zamani. Hapa Bunia mama alipata kipande cha shamba upande wa barabara ya Bogoro, akawa analima maharage na muhogo. Mimi nilikuwa ninafagia kituo cha afya cha mtaa wetu na kuchemsha vyombo. Siku moja mama akaniambia, "Kila siku unachemshia wengine sindano. Juu ya nini usisome, na weye uchome?"

Nilikuwa mtu mzima. Nilikaa darasani na watoto walioniita mama. Yeye alilima, mimi nikasoma, mpaka nikafika kwenye mtihani wa taifa, ule ambao usipopita huwezi kuitwa muuguzi, hata ungejua kazi namna gani.

Kabla ya mtihani mama alinunua kopo la poda. Mnatujua sisi. Matokeo yakitoka, aliyepita anamwagiwa poda kichwani na shingoni, anazunguka mtaa akiwa mweupe, na hata asiyemjua anajua. Mama aliweka kopo lile ndani ya valizi yake ya nguo, chini ya vitenge. "Hii nitamwaga mimi mwenyewe," alisema. "Mutu mwingine asiiguse."

"Na nikianguka?"

"Ukianguka nitajipaka mimi, niende nayo kanisani. Poda haiozi."

Siku ya mtihani wa vitendo walinipeleka wodini. Waliniambia nibadilishe shuka chini ya mama mmoja mgonjwa bila kumwinua. Nilimgeuza taratibu upande mmoja, kisha upande mwingine. Mwalimu aliandika. Juma lilelile mama yangu alianguka shambani. Presha. Tulimlaza hospitalini, na mimi nikambadilishia shuka vilevile, upande mmoja, kisha upande mwingine. Aliniangalia akasema, "Kumbe ni hii wanawafundishaka." Kulipokucha alikuwa ameondoka.

Sasa ikabaki kungojea. Matokeo yanatoka Kinshasa, na hakuna anayekwambia siku. Ndugu zangu, nawaambia, sijui kama niliteseka. Mtu anayeteseka anasikia kitu. Mimi nilikula bugali bila kujua kama ina joto au imepoa. Nililala na simu mkononi, nikaamka nayo mkononi. Mkuu wa kituo cha afya alikuwa ameniwekea nafasi ya kazi, lakini aliniambia wazi kwamba hataweza kuishikilia siku zote. Nikianguka, ni kurudia mwaka, na aliyekuwa akilima ili nisome yuko chini ya udongo. Hayo yote niliyajua, lakini kama mtu anayesikia habari za jirani.

Watu barabarani walinisalimu kwa pumzi moja: "Pole kwa mama. Matokeo bado?" Nami nilijibu kwa pumzi moja: "Asante. Bado." Ilifika wakati nikawa ninapita nyuma ya nyumba ili nisiwajibu.

Na nisiwadanganye hapa mbele ya Mungu: sikuomba. Nilifungua kinywa, hakuna kilichotoka, nikakifunga. Mliomba ninyi.

Mama mdogo, mdogo wa mama yangu, alihamia kwetu baada ya matanga. Yeye hakuniuliza hata siku moja. Aliniwekea ungo wa maharage mapajani, akasema, "Chagua." Nikachagua. Nikimaliza, analeta mengine. Siku moja niliangalia vizuri nikaona ni maharage yaleyale. Alikuwa anayapeleka nyuma ya jiko na kuyachanganya tena na takataka.

"Mama mudogo, hii nilikwisha kuichagua."

"Chagua tena. Kuko mawe madogo madogo."

Nikachagua tena.

Basi mchana mmoja tulisikia kelele barabarani. Pikipiki zinapiga honi, vijana wanaimba, vichwa vyeupe, mashati meupe. Mama mdogo alitoka mpaka kwenye ua, akaona poda, akarudi mbio. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alipita mbele yangu, pale nje nilipokaa na ungo, akaingia chumbani, nikasikia valizi inafunguka. Kabla sijasimama, kopo lote lilikuwa juu yangu. Kichwani, machoni, ndani ya nguo, ndani ya maharage. Yeye anapiga vigelegele peke yake, katika nyumba ambayo ilikuwa bado ya kilio.

Jirani yetu akachungulia juu ya ua. "Mama, unafanya nini?"

"Imetoka! Matokeo imetoka!"

"Mama, hiyo ni ya watoto ya sekondari. Ya wauguzi haiyatoka."

Mama mdogo alishusha kopo. Aliangalia mikono yake, akaangalia kopo. Kisha akaketi chini, palepale kwenye udongo, kama mtu aliyekatwa miguu. "Ilikuwa ya dada yangu," alisema. "Alikataza mutu asiiguse."

Nilitaka kumwambia si kitu. Lakini nilivuta pumzi, na ile poda ikaingia puani. Mama alikuwa anajipaka poda ya namna ileile shingoni kila Jumapili. Nilipokuwa mdogo, mahubiri yakiwa marefu, nililala kwenye ile shingo. Ndugu zangu, nililia pale. Sikulia kaburini, sikulia mbele yenu, nililia juu ya ungo wa maharage kwa sababu ya matokeo ya watu wengine. Niliposikia sauti yangu nilishangaa, nikafikiri ni mtu mwingine. Jirani akaruka ua akidhani tumepata msiba mwingine.

"Ni nini tena?"

"Ni uleule," mama mdogo akamjibu. "Ulikuwa umechelewa njiani."

Tulipotulia, alianza kukusanya poda kwa kiganja. Mabegani mwangu, kwenye ungo, hata chini. Aliirudisha ndani ya kopo pamoja na udongo na maganda ya maharage.

"Acha, mama mudogo. Imechafuka."

"Nyamaza. Kaa hivyo, usitikisike."

Sitawaambia kwamba tangu siku ile nilipona. Bugali ilipata ladha siku mojamoja. Nilianza kupita barabara ya mbele. Wakiniuliza, niliweza kusema "bado" na kuendelea na safari. Ni hivyo tu.

Matokeo yenyewe yalikuja siku isiyo na kelele yoyote. Mwenzangu wa darasani alinipigia simu. "Umepita," akasema. Nikasema asante, nikamaliza ungo uliokuwa mapajani.

"Ni nani?" mama mdogo akauliza.

"Ni shule. Nimepita."

Safari hii hakukimbia. "Ni ya wauguzi? Umeuliza muzuri? Piga tena."

Nikapiga tena. Hata hivyo hakuridhika mpaka nilipokwenda shuleni nikaona jina langu ukutani kwa macho yangu. Niliporudi alikuwa amekaa mlangoni na kopo mkononi. Alitaka kwenda kununua jipya, kwa sababu hili lilikuwa na mchanga. Nikamwambia hili linatosha. Nikainama. Alimwaga polepole, bila vigelegele, na nilisikia punje za udongo zikishuka nyuma ya shingo pamoja na poda.

Ninawashukuru ninyi mliobeba kuni na maji, na mlioomba nilipokuwa bubu. Ninamshukuru mkuu wa kituo, ambaye alingojea muda mrefu kuliko alivyosema. Mama mdogo yuko pale nyuma, amefunika uso, hapendi nimtaje. Ninamshukuru yeye kuliko wote.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu anayengojea, usimuulize kama imetoka. Ikitoka, utajua. Mtafutie kitu cha kushika mikononi. Juzi kazini kulikuwa na baba mmoja nje ya chumba cha kuzalia, mkewe ndani, hali si nzuri. Nilimpa rundo la vitambaa vya vidonda avikunje, vile ambavyo bado havijapikwa kwa mvuke kuua vijidudu. Alikunja vyote, akaniuliza kama kuna vingine. Havikuwapo. Nikachukua vile alivyokwisha kukunja, nikavipeleka nyuma ya pazia, nikavikunjua kimoja kimoja, nikamrudishia.