Sigvard Undheim, Aliyelifundisha Koleo Kusimama

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Målfrid nazungumza, studio ni ileile, na dirisha linatikisika kwa upepo kama kawaida yake. Leo tunamkumbuka Sigvard Undheim wa Varhaug. Nawaonya mapema: mkinisikia nacheka katikati ya msiba, msinione sina adabu. Mwenyewe angecheka kabla yangu.

Sigvard alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka themanini na minne. Alhamisi, kama mjuavyo, ni siku ya madonge ya viazi. Alikula manne, akaongeza siagi, akajilaza kwenye kochi, na hakuamka tena. Mkewe, Borghild, aliniambia hivi: "Nilimwita mara mbili aje anywe kahawa. Sigvard hakuwahi kuitwa mara mbili kwa sababu ya kahawa. Hapo nikajua."

Alikuwa mkulima, mwenye ng'ombe kumi na wanne. Alikuwa pia fundi mitambo huko baharini, kwenye majukwaa ya kuchimba mafuta. Na ndiye aliyelifundisha koleo kusimama. Hilo la koleo ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti leo.

Wasikilizaji wapendwa, siku hizo mabomba ya kuchimbia yaliungwa kwa mikono ya watu. Bomba linashuka, linaungwa jingine juu yake, na jingine tena, mpaka kilomita tatu chini ya sakafu ya bahari. Wanaume wawili wanasimama na makoleo mazito yaliyoning'inizwa kwa waya. Wanalibana bomba, winchi inavuta. Ukichelewa kutoa mkono, huutoi wote.

Tønnes Undheim, mdogo wake Sigvard, alichelewa. Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikabaki baharini. Vidole vitatu. Tønnes yupo mpaka leo, mcheshi vilevile, na juzi aliniambia kwa simu: "Daktari alinipa pole, mimi nikamuuliza kama Jumatatu naweza kurudi kazini. Nilikuwa mjinga wa kupigiwa mfano."

Lakini Krismasi ile, Tønnes alikuja kwa kaka yake na shati jeupe mkononi, kwa sababu hakuweza kufunga vifungo. Borghild akamfunga, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Sigvard aliondoka mezani, akaenda zizini, na humo ndimo alimokaa miaka saba.

Nisikilizeni vizuri. Miaka saba, kila alipokuwa nchi kavu, mtu huyu alikuwa zizini akitengeneza mtambo wa kufunga mabomba bila mikono ya watu. Mikono ya chuma, pampu za mafuta, na kompyuta ndani ya ndoo ya maziwa ili mavi ya ng'ombe yasiifikie. Alifunga na kufungua mabomba ya mtaro mpaka ng'ombe wakazoea kelele. Na kwenye huo mtambo aliweka jicho. Jicho lilikuwa mwali wa mwanga, upande huu mpaka upande ule. Kitu chochote kikiukata ule mwali, koleo linasimama hapohapo.

Alilijaribuje? Kwa soseji. Anachomeka soseji mahali pa kidole, anawasha mtambo. Borghild anacheka mpaka leo: "Mwaka wa kwanza tulikula soseji zilizopondwa majira yote ya baridi. Supu ya soseji, viazi na soseji. Mwaka wa tatu zikaanza kutoka nzima. Nikamwambia, mume wangu, sasa unafika mahali."

Mwaka wa themanini na tano kampuni ikamkubalia. Mtambo ukapelekwa kwenye jukwaa la Havsula, ukafungwa sakafuni, na akapewa siku kumi na nne kuonyesha kwamba unafaa. Siku kumi na nne, basi. Ukishindwa, meli ya mizigo itaurudisha Ijumaa saa nne asubuhi, uuzwe kama chuma chakavu.

Haya ninayoyasema sikuhadithiwa. Kabla ya redio nilikuwa mpishi wa Havsula. Nilikuwepo.

Mchimbaji mkuu alikuwa Ommund Serigstad. Mkono wake ulikuwa kwenye breki ya winchi tangu tulipoanza kuchimba bahari hii, na alidai kwamba kupitia ile breki alijua mwamba wa chini umeamkaje leo. Alipomwona Sigvard na ndoo yake ya maziwa, alikuja jikoni akaniambia, "Målfrid, andaa majani. Wanatuletea ng'ombe."

Na mtambo ukamwaibisha Sigvard. Unafunga mabomba matano safi kabisa, la sita unasimama. Unafunga mawili, unasimama. Kulikuwa na zamu ambayo ulisimama mara tisa. Mara tisa, na jukwaa zima linasubiri. Sigvard akafuta ukungu kwenye jicho. Akafuta chumvi. Akabadilisha waya. Bado ukasimama.

"Ndugu yangu, una uhakika huyu ng'ombe hana mimba?" Ommund akamuuliza mbele ya watu wote, kwenye chakula.

"Akizaa, ndama nitampa jina lako," Sigvard akajibu. Watu walicheka, lakini mimi nilimwona hakugusa uji wake. Na ilikuwa Jumamosi, uji wa mdalasini na siagi. Nilipata wasiwasi.

Siku ya kumi na tatu, mkubwa wa kampuni aliyekuwa pale jukwaani alimwita. Jina lake naliacha, ana wajukuu. Akasema, "Sigvard, mikono ya mtambo wako ni mizuri. Tatizo ni hilo jicho. Ling'oe, mtambo ubaki, na sifa uchukue wewe."

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo mtu anapojulikana. Miaka saba ya kazi ingeokoka, kwa kung'oa jicho tu. Nilikuwa nimepeleka kahawa, nikasimama na trei kama sanamu. Sigvard akasema, "Jicho likitoka, mtambo wote utoke. Bila jicho nitakuwa nimetengeneza koleo lisilochoka, basi."

"Basi kesho unapanda meli," mkubwa akasema.

Sigvard hakwenda kulala. Alichukua kahawa yake, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akautazama mtambo ukifanya kazi. Akaona. Lile sanduku la pampu lilikuwa na joto, joto zuri la kuegemea. Sisi watu wa huku tumelelewaje? Ukiona kitu cha moto, unaanika glavu. Hujiulizi, unaanika tu. Juu ya sanduku ilining'inia glavu ya sufu, imelowa, na upepo wa magharibi ulipovuma, glavu ilipunga mbele ya jicho. Koleo likasimama. Glavu ikarudi mahali pake. Kila zamu watu walikuwa wakianika glavu pale na kuziondoa, kisha wakiulaani mtambo kwa kusimama.

Aliigeuza glavu. Kwenye kifundo, kama tunavyofuma sote, kulikuwa na herufi za mwenyewe: O na S. Ommund Serigstad.

Asubuhi saa mbili, sote tukiwa kwenye kifungua kinywa, Sigvard akaiweka ile glavu kando ya sahani ya Ommund. Akaeleza kwa sauti ya chini, bila kumkomoa. Watu waliangua kicheko, mmoja akatokwa na maziwa puani. Ommund peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama glavu.

"Unasimama kila glavu inapopita?" akauliza.

"Kila mara."

"Hata mara moja haukupitiliza?"

"Hata mara moja."

Ommund akanigeukia. "Målfrid, nipe soseji tano."

Soseji zile nilizitoa mimi, kwa mikono yangu, na najivunia. Alizijaza ndani ya glavu, soseji tano kwa vidole vitano, akatoka nje na sisi nyuma yake. Mkubwa wa kampuni akatufuata akitazama saa. Mtambo ukawashwa. Ommund akaitupa glavu kwenye kinywa cha koleo. Koleo likasimama, upana wa kiganja kabla ya kuifikia. Akarudia kutoka kushoto. Likasimama. Akarudia kutoka chini, kwa hila, kama anayechokoza mbwa. Likasimama. Mara kumi na mbili. Kisha akatoa zile soseji, akazikagua moja moja, na akaila ya mwisho.

"Nimefanya kazi na wanaume saba waliokatwa vidole," akamwambia mkubwa. "Mmoja ni mdogo wake huyu, na breki siku ile niliishika mimi. Mtambo unabaki. Jicho linabaki. Mkiushusha, na mimi nishusheni nao."

Meli ilifika saa nne. Ikaondoka tupu. Jioni ile Sigvard alitengeneza kabati la kukaushia glavu, lenye hewa ya moto, akalifunga mbali na jicho. Mabaharia wa meli nyingine walikuja kulishangaa kabati kuliko mtambo.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Breki ikaingia kwenye kiti, ndani ya chumba cha vioo, na vishikio viwili na skrini mbele. Ommund aliketi mara ya kwanza akasema anajisikia yuko kwa daktari wa meno. Alalamike asilalamike, alikataa kuinuka zamu ilipokwisha. Na siku hizi Ingelin, mjukuu wa Sigvard, anasimamia uchimbaji kutoka ofisini Stavanger. Alimpigia babu yake siku yake ya kwanza: "Babu, nimechimba mita mia mbili nikiwa nimevaa soksi." Mzee alilirudia neno hilo dukani, posta, na kanisani kabla ya mahubiri.

Mazishi yalikuwa jana. Kanisa lilijaa mpaka nje, na upepo nao ulikuja. Kwa Borghild, kwa Tønnes, kwa Ingelin na ukoo wote wa Undheim, sisi wa redio hii tunawapa pole za dhati. Na wewe unayenisikiliza, jikoni au kwenye trekta, itazame kidogo mikono yako kabla hujaendelea na kazi. Jiulize kuna nani aliyekaa kwenye ndoo akikesha ili ubaki nayo.

Borghild alinipigia leo asubuhi. Alisema kanisani hakulia, wala kaburini. Kwenye nyumba ya sala, wakati wa kahawa, wanaume waliofanya kazi sakafuni mwa jukwaa baada ya mtambo ule kuja walipanga foleni kumpa mkono. Wazee sasa, wengine na mikongojo. Foleni ilifika mlangoni.

"Målfrid," akaniambia, "walikuwa wengi, na kila mkono nilioushika ulikuwa mzima. Nilipofika kwa wa ishirini hivi, nikaanza kulia. Wakadhani ni majonzi."