Mvua Iliyovunja Kikao

Kwenye teksi ya Probox ya kwenda Kiritiri, mwalimu Igoki alikuwa amefumba macho, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha nyuma. Kijana mwenye tai, aliyejitambulisha kuwa mfanyakazi wa bunge, alikuwa akimlaumu mama mkulima aliyeketi kando yake.

"Mama, wabunge walikuja mpaka huku kuchukua maoni yenu juu ya mswada wa tabianchi, mkawaachia viti vitupu!"

"Si ni nyinyi mlimwambia pasta afungue na maombi? Akaombea mvua, ikanyesha papo hapo. Ningekaa hapo nikiongea huku ndengu hazijapandwa?"

Igoki alijizuia kucheka. Alikuwepo kikaoni siku hiyo, na hata pasta mwenyewe alikimbilia shambani.

"Lakini mama, sheria ndiyo ingewaletea mabwawa."

"Sasa kwa ripoti mliandika nini?"

Kijana alilegeza tai. "Kwamba wananchi hawakuwa na pingamizi."

Gari likasimama karibu na Kiritiri. Mama alishuka, akatazama shamba lililokuwa kando ya barabara. Ndengu zilikuwa zimekauka zikiwa na majani mawili mawili.

"Hiyo mvua haikurudi tena," akasema. "Na nyinyi, mtarudi lini?"

Dereva akafunga mlango.