Bibi Yuko Kwa Nani?

Benchi la mbele ya kibanda cha Fundi Soli, mshona viatu, lina miguu minne, mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na halikosi watu tangu asubuhi. Siku hiyo Penseli, mchoraji wa vitabu vya watoto, alifika uso umemshuka. Michoro yake imerudishwa. Hadithi yenyewe fupi tu: bibi kapoteza miwani, anaitafuta nyumba nzima. Mhariri kaandika kwa wino mwekundu: “Bibi safi sana. Nyuma yake hapamfai. Lete upya kesho saa sita mchana, la sivyo tunampa mtu mwingine.” Na hiki ndicho kitabu cha kwanza ambacho jina la Penseli lingetokea kwenye jalada! Basi maskini akarudia kosa la wiki iliyopita: akawauliza wana kijiwe.

— Mimi naona hapa kushoto peupe, alisema Fundi Soli, vidole vimejaa gundi. Tia mlima.

— Mlima si huu hapa, fundi? Wiki iliyopita ulisema nitie, nikatia.

— Tia wa pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata kikao cha harusi, akaipokea karatasi na kuisogeza mbali na macho.

— Tatizo si mlima. Maporomoko ya maji ndiyo madogo. Bibi mnene, mistari yake minene. Mtu mnene anataka maji mengi.

— Lakini wewe ndiye uliyeniambia niweke maporomoko!

— Nilisema makubwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Sasa hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Nyundo, seremala.

— Kwani maji hayatembei?

— Achana naye, Penseli, alisema Nyundo. Ng'oa miti yote. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sasa nyumba nani kaijenga? Weka ghorofa saba, kila tofali lionekane.

— Na twiga dirishani, aliongeza Fundi Soli.

— Twiga ghorofa ya saba?

— Shingo kapewa ya nini?

Penseli alicheka, ila moyoni kunawaka. Bibi alimchora asubuhi moja, kwa penseli butu, mistari ya mviringo, akimkumbuka bibi yake aliyemlea. Huko nyuma yake alihangaika siku nne kwa kalamu nyembamba, jani moja moja, macho yakamuuma, na bado hapamfai!

Hapo akaja mama mmoja mtu mzima kuchukua viatu vyake. Hawakuwahi kumwona.

— Shikamoo, mama, walisema wote.

— Marahaba, wanangu, aliitikia, akainamia karatasi. Lo, bibi wa watu ana sura nzuri! Anatafuta nini?

— Miwani yake, mama, alijibu Penseli.

— Nyumbani kwake?

— Ndiyo.

— Kwani hapo ni kwake? Mbona sioni kitu chake hata kimoja?

Waziri akanywa kikombe kilichokwisha kahawa. Nyundo akajikuna kisogo. Fundi Soli akapigilia msumari uliokwishaingia zamani.

Penseli aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Kila kunyanzi la uso ule analijua, halafu kamtupa bibi wa watu porini akatafute miwani kwenye maporomoko! Akageuza karatasi upande mweupe, akachukua ile penseli butu. Akachora kitanda cha bibi yake, kilichobonyea katikati. Akachora redio iliyofungwa kwa mpira, na ndala mbili, moja imetangulia mbele ya mwenzake. Mistari yote minene, ya mviringo. Alipofika kwenye kitambaa cha meza, kile alichokifuma bibi mwenyewe akiwa na homa, machozi yakamtoka.

— Nyuma ya kitanda hapo, alianza Waziri, ungetia angalau kichuguu...

— Niache kwanza, ndugu yangu, alisema Penseli. Nipo kwake.