Fundi Egidius Tluway na Kufuli la Bagara (1971–2025)

Marehemu Egidius Tluway alizaliwa tarehe 3 Mei 1971 huko Sigino, mtoto wa nne wa marehemu mzee Tluway Bura na mama Philomena. Alimaliza darasa la saba hapohapo Sigino mwaka 1986, akaja mjini kujifunza cherehani.

Mwaka 1994 alifungua kibanda chake cha ushonaji hapa Bagara. Suruali zake wengine mmezivaa leo, msijifiche. Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Vailet, wakajaliwa watoto wawili.

Kuna miezi Fundi alikuwa juu: halali usiku, anacheka, anaahidi sare za shule nzima kufikia Ijumaa. Halafu anashuka, hata sindano inamwelemea. Ila juu au chini, kufuli la kibanda halikumwacha. Akilifunga, anarudi kulivuta. Mara saba, mara ishirini. Tariq, jirani yake mwenye duka, alimtania, "Fundi, hilo kufuli utalichosha."

"Najua limefungwa," alijibu. "Mkono ndio haujui."

Mwaka 2016 alipelekwa hospitali. Nyumbani tuliona aibu, tukaeleza habari za kufuli tu. Akapewa dawa za kufuli, nazo zikampandisha. Karibu wiki mbili hakulala. Vailet akarudi kwa daktari, safari hii akasema yote. Daktari akaeleza kuwa ni maradhi mawili yanayotembea pamoja, akabadilisha dawa. Akatuomba pia tuache kumhakikishia kila anapouliza kama kibanda kimefungwa, maana jibu letu ndilo linaloilisha hofu.

Tariq naye akaambiwa. Basi kila jioni akawa anasimama na Fundi pale mlangoni, kimya, mpaka hofu ipite, ndipo wanaondoka. Ilichukua miaka. Mwaka jana Fundi alikuwa analivuta mara moja tu, na alijivunia hilo kuliko suti yoyote aliyowahi kushona.

Tarehe 9 Juni 2025 alilazwa kwa homa ya mapafu. Alfajiri ya tarehe 14 alimuuliza mkewe, "Mama Mariamu, kibanda kimefungwa?" Vailet alitamani sana kumjibu. Akakumbuka maneno ya daktari, akamshika mkono. Baada ya muda Fundi akasema mwenyewe, "Haya, tuache." Saa kumi na mbili asubuhi akafariki.

Ameacha mama yake Philomena, mjane Vailet, watoto Mariamu na Bura, mjukuu mmoja, na rafiki yake Tariq.

Apumzike kwa amani, wala asirudi kuangalia.