Madoa Meupe Kichwani Mwangu

Mheshimiwa Meneja wa kiwanda chetu cha mbao, Daktari uliyeacha wagonjwa ukaja, mafundi wenzangu, mama watoto uliyenikataza kusema haya, na wewe binti yangu wa msumeno wa pili, nawasalimu.

Meneja amenisifu sana leo. Nimesikiliza kila sifa nikajiuliza, mtu mzuri hivi, mbona anaagwa mbio mbio? Fundi wa kunizidi kusoma gogo kwa jicho hajazaliwa, na Meneja anajua. Kipandauso ninacho tangu ujana. Vimulimuli vikianza jichoni nazima msumeno, natundika aproni yangu kwenye swichi, naenda kulala stoo gizani, na hakuna anayegusa mashine mpaka nirudi. Yuko aliyekatwa kidole zamu yangu? Anyooshe mkono tuone.

Juzi kiwanda kikanipeleka kupigwa picha ya ubongo. Kichwa ni changu, lakini Meneja aliiona picha kabla yangu. Kwa nini? Akaniita, akanipa kiti, upole umezidi, akasema, "Mzee, una madoa meupe ndani."

Basi. Sisi watu wa mbao gogo likiwa na madoa meupe tunasema limeoza, linakwenda kwenye kuni. Hata mimi nilifika nyumbani nikajigonga kichwa kwa kidole, nisikie kama ndani ni patupu. Mke wangu akauliza nani anabisha hodi.

Nikamfuata Daktari. Akasema madoa hayo huonekana kwa wengi wenye kipandauso, na wengi wao wako kazini, akili timamu; yangu atayatazama tena mwakani. Sikumwamini. Atazame nini tena, kama ni salama? Ndiyo maana nimemwalika, ajibu mbele yenu. Daktari, ulimwambia Meneja kwamba sifai kazi? Usitikise kichwa tu, walio nyuma hawakuoni. Sema.

Mmesikia. "Sikusema hivyo."

Mimi naondoka, umri nao umefika, sibishani. Lakini binti yangu amerithi kipandauso hiki hiki, na wiki hii ameambiwa naye akapigwe picha. Nani kaomba? Yeye hakuomba. Ana watoto wa kulisha, na mkono wake kwenye msumeno ni mkono wangu mimi. Meneja, watu wote hawa wanakusikia: picha yake ikija na madoa, atabaki kazini au hatabaki?

Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia. Hotuba imekwisha, ila sikai. Nasubiri jibu hapa hapa, nimesimama.