Maharage ya Wifi Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mniruhusu niongee nimekaa, nguvu hazijarudi zote.

Tulipofika Benaco, kambi ya wakimbizi, tukikimbia vita, nilikuwa mjane wa wiki moja. Mume wangu alifia njiani, baada ya kunywa uji aliopewa na dada yake, wifi yangu Spesiosa. Njia nzima watu walikuwa wakihara na kufa, lakini mimi nikasema moyoni: ni sumu! Ndugu zangu, neno hilo nililishika kuliko rozari.

Kambini mimi na wifi tuliandikwa kwenye karatasi moja ya mgao wa chakula. Maharage aliyapika wifi, sikuyagusa. Nilichukua mahindi tu, nikayaosha, nikayasaga mwenyewe, nikala ugali kwa chumvi. Miezi! Ngozi ya shingo na mikono ikaungua na jua, ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Nikaharisha. Akili nayo ikaanza kuniacha, nikawa namwita mwanangu kwa jina la marehemu. Majirani wakasema nimelogwa. Nikawajibu, mnaona? Ni yuleyule!

Wakanibeba hadi hospitalini. Muuguzi akatazama shingo yangu, akauliza nakula nini. Nikamwambia.

"Mama, hujalogwa," akasema. "Mwili umeishiwa vitamini. Ugali mtupu ndio uliokufikisha hapa."

Akanipa vidonge, akaagiza nile maharage na karanga kila siku. Na nani aliyeyaleta? Spesiosa! Kwa miguu, kila mchana. Nami nikageukia ukutani.

Siku ya tatu akaketi kitandani, akachota kijiko, akala mbele yangu, maana kwetu anayetoa huonja kwanza.

"Hata kaka yangu nilimwonjea," akasema. "Wewe ulikuwa mbele na mtoto. Uji ule tuliunywa mimi na yeye, kikombe kimoja."

Akaanza kulia. Kumbe tangu njiani hakuwahi kumlilia kaka yake, kwa kuogopa macho yangu.

Nikala. Sina cha kujisifu, ndugu zangu, nilikuwa nimechoka kuogopa. Baada ya wiki kadhaa ngozi ikapona, tumbo likatulia, mwanangu nikamwita kwa jina lake. Vidonge vile na maharage yale, vyote vilitoka kwa Mungu.

Ninamshukuru Yeye, na ninamshukuru wifi yangu mbele yenu, yule pale anayeficha uso. Ndugu zangu, kama yupo mtu ambaye huwezi kula chakula chake, usingoje uugue kama mimi. Mtumaini Mungu, uende kwake leo, ukale.