Kodi ya Michango ya Mama Eufrazia

Saa tano asubuhi Mafiga, mawingu bado yamefunika milima ya Uluguru, na kijiwe chetu kiko kwenye kikombe cha tatu cha kahawa. Mzee Bonifasi, mstaafu wa kiwandani, katoa barua ya bima. Mkewe Eufrazia alifariki mwaka jana, lakini mzee akaendelea kumlipia bima ya afya miezi tisa, kwa kuwa hakutaka kwenda kuandikisha kwamba hayupo. Sasa wamegundua. Wanamrudishia michango yote, mradi akabidhi kadi ya mama leo kabla ya saa sita. Sisi tukarukia kodi, maana ndivyo tulivyo.

— Hela ikiingia ni mapato, mzee wangu, alisema Halidi wa bodaboda, tunayemwita Msemaji. Watakukata kodi.

— Usimtishe mtu mzima, akadakia Severin, karani mstaafu wa mishahara, ndiyo maana anaitwa Kamishna. Hela yake mwenyewe inarudi, mapato yako wapi? Labda kama alisamehewa kodi wakati anachangia. Hapo wana haki ya kudai.

— Sikusamehewa kitu, alisema Bonifasi. Nililipa kwa pensheni yangu.

— Basi umepona.

— Hajapona! Msemaji akasimama. Bima ya nani? Ya mama. Basi mapato ni ya mama! Watamfungulia faili la mlipakodi, kila mwaka aletewe makadirio!

Tulicheka. Bonifasi hakucheka.

— Kwa hiyo jina lake litakuwemo humo?

— Enhee.

— Kila mwaka?

— Mzee Boni, natania bwana.

— Ningeilipa hiyo kodi, haki ya Mungu. Kule dirishani kwa bima, nikienda kulipa, walikuwa wanaita, "Bonifasi na Eufrazia." Hakuna mwingine anayetutaja pamoja siku hizi.

Mama yule alikuwa akitoka sokoni anatusema kwa uvivu wetu. Nilitamani apite, atuseme.

— Twende ukakabidhi kadi, mzee, muda unakwisha, alisema Msemaji, akawasha pikipiki.

Ndipo akaja Nasra, mgeni mtaani, kahamia juzi kutoka Turiani. Akaagiza kahawa, akaiona picha kwenye kadi mkononi mwa mzee: mama kajifunga kilemba, anakaribia kucheka.

— Shikamoo, babu. Mama mzuri huyu. Nyumbani mna picha yake nyingine?

— Ni hii tu, alisema Bonifasi, akaibana kadi kifuani. Sisi tuliomfahamu miaka thelathini hatukuwahi kumuuliza hilo.

Msemaji akaizima pikipiki.